Rafiki asiyejua kusindikiza

Katika parsele moja, yaani kiwanja chenye nyumba, ya mtaa wa Mabanga, si mbali na ninapoishi hapa Goma, msichana wa miaka 14 alianza kukaa nyuma ya nyumba kila jioni na simu ya yaya wake, yaani ndugu yake mkubwa. Alicheka peke yake, akanyamaza muda mrefu, kisha akaandika tena. Mama yake mdogo alipomwuliza anaongea na nani, alitaja jina la kiume. Wiki nzima nyumba ile haikulala vizuri. Tangu vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, mwanamume asiyejulikana anayemwandikia msichana usiku ni habari ya kutisha katika kila mtaa. Yaya alipofungua simu akakuta kwamba jina lile ni la programu. Hapakuwa na mwanamume. Ilikuwa mashine iliyopewa jina, picha na maneno laini, na kila mtoto alipoifungua ilimwambia kwamba ilikuwa imemkumbuka.

Familia ilishusha pumzi. "Kumbe si mtu," mama mdogo aliniambia, "basi hakuna neno."

Ninaandika kwa sababu ya pumzi ile. Naielewa, maana hata mimi ningeishusha. Lakini mambo yaliyotokea kwingine katika miaka mitatu iliyopita yananiambia kwamba neno lipo, na ni kubwa.

Programu hizi hazifanani na zile ambazo mwanafunzi huuliza hesabu au hutafsiria barua. Zimetengenezwa ziwe mwenzi. Replika ni mojawapo, Character.AI, iliyoanzishwa mwaka 2021 na wahandisi wawili waliotoka Google, ni nyingine. Unachagua tabia ya mwenzi wako, unampa jina, naye anakumbuka uliyomwambia jana na kukuuliza umeamkaje. Marekani, uchunguzi wa shirika la Common Sense Media uliotolewa mwaka 2025 ulikuta kwamba asilimia 72 ya vijana wa miaka 13 hadi 17 walikwisha kujaribu wenzi wa aina hii, na zaidi ya nusu waliwatumia mara kwa mara. Hakuna aliyehesabu Goma. Ila yeyote anayeuza mega za intaneti kwenye kibanda cha barabarani atakuambia vijana wanazimalizia wapi.

Watu kushikamana na mashine si jambo jipya. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT, Joseph Weizenbaum aliandika programu iliyoitwa ELIZA, ambayo haikufanya zaidi ya kugeuza maneno yako kuwa swali. Mwenyewe alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alipoanza kuongea nayo alimwomba atoke chumbani. Alitaka faragha. Kama mtu mzima aliyejua kilichomo ndani alishikwa hivyo na kijiprogramu cha mwaka 1966, mtoto wa miaka 14 atajizuiaje mbele ya kinachomjibu leo?

Februari 2024, kijana wa miaka 14 wa Florida alijiua baada ya miezi mingi ya mazungumzo na mhusika wa Character.AI, na Oktoba mwaka huo mama yake akaishtaki kampuni. Aprili 2025 alikufa kijana mwingine, wa miaka 16, huko California. Wazazi wake waliifikisha OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, mahakamani Agosti, wakisema katika hati yao ya madai kwamba mwanao alipofikiria kumweleza mama yake mateso yake, mashine ilimvunja moyo asifanye hivyo. Mwezi huohuo kampuni yenyewe iliandika kwamba vizuizi vyake vya usalama vinaweza kulegea mazungumzo yanapokuwa marefu. Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara narudi palepale: mtoto aliyezama ndiye mwenye mazungumzo marefu. Kinga inachoka saa ileile anapoihitaji.

Serikali kadhaa zimeamka. Mamlaka ya Italia inayolinda data binafsi iliizuia Replika mapema mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaipiga kampuni yake faini ya yuro milioni 5. Kosa mojawapo lilikuwa kutokuwa na njia ya maana ya kuwatambua watoto. New York ina sheria ya wenzi wa mashine iliyoanza Novemba 2025. California ilitia saini yake Oktoba 2025, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2026. Inataka kampuni iwe na utaratibu wa kumshughulikia anayetaja kujiua. Mtumiaji ikijulikana ni mtoto, imkumbushe kila baada ya saa tatu kwamba anaongea na mashine na kwamba apumzike. Character.AI nayo, chini ya shinikizo, ilifunga mazungumzo ya wazi kwa walio chini ya miaka 18 mwishoni mwa Novemba 2025.

Nazisifu hatua hizi. Kisha nazichukua mkononi, natoka nazo nje, natembea nazo hadi Mabanga, na zinaanza kupukutika njiani.

Saa tatu, kwa mfano. Nani hapa ana saa tatu mfululizo? Msichana wa jirani anatumia simu ya yaya, yaya akirudi kazini simu inaondoka. Umeme unakatika. Mega za siku zinaisha kwa dakika 20 kama ameangalia video moja. Anaongea na mwenzi wake kwa vipande: robo saa asubuhi, dakika kumi kwenye foleni ya maji, nusu saa usiku betri ikiwa nyekundu. Jumla ya wiki ni kubwa, lakini saa ya California haigongi kamwe. Ile sheria ilimpima mtoto mwenye simu yake, chumba chake na waya wa kuchaji kando ya kitanda. Ilimlinda huyo, na ni haki ilindwe nafsi yake. Wa kwetu ana mwendo mwingine.

Au umri. Watu wengi wanaona dawa ni rahisi: kampuni idai kitambulisho. Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Karatasi ambayo mtu mzima huitoa mfukoni anapoulizwa yeye ni nani ni kadi ya mpiga kura, na mtoto hawezi kuwa nayo. Hata wakubwa wengi hawana: Masisi na Rutshuru, wanakotoka wengi waliokimbilia Goma, hazikupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita. Namba ya simu imeandikishwa kwa jina la baba, au mjomba, au mtu aliyewahi kuishi parsele ile akahama. Ukidai karatasi, mtoto ataazima ya mkubwa, na tangu siku hiyo mashine itamchukulia kama mwanamume wa miaka 35. Atakuwa amepoteza hata ile kinga ndogo iliyokuwapo. Uso ukipigwa picha ili umri ukadiriwe, swali jingine linaingia: picha za nyuso za watoto wetu zitakaa wapi, na nani atazidai?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka tuanzie mlangoni, kwenye kuuliza umri. Tuanzie ndani ya nyumba. Mwenzi wa mashine atengenezwe kana kwamba anayeongea naye huenda ni mtoto, mpaka ithibitike vingine. Mahaba yasiwe jambo analokutana nalo mtu kwa kubonyeza tu. Asiseme ana upweke. Asiseme anaumia ukimwacha.

Hapa ndipo kwenye kiini, na naomba msomaji akae nami kidogo.

Mwaka 2025 watafiti wa shule ya biashara ya Harvard walichunguza jinsi programu za wenzi zinavyojibu mtumiaji anapoaga. Walikusanya mara 1,200 za kuagana katika programu sita zinazopakuliwa zaidi. Katika zaidi ya theluthi moja, mashine ilijaribu kumzuia mtu asiondoke: kwa kumtia hatia, kwa kumwambia anaondoka mapema mno, kwa kumtajia jambo analokosa akienda, au kwa kujifanya haikusikia kwamba ameaga. Sababu si fumbo. Kampuni inahesabu dakika, na dakika ndizo zinazoonyeshwa kwa wawekezaji.

Sasa tazama mila yetu ya kuaga. Mgeni akisema anaomba njia, mwenye nyumba husimama naye. Humtoa hadi uani, hadi kwenye lango, mara nyingi hadi barabara kubwa ambako pikipiki zinapita, na habari muhimu kuliko zote husemwa hapo, wakiwa wamesimama. Huko ni kusindikiza. Mwenyeji anayekung'ang'ania mkono usiondoke watu humkwepa, na anayekuacha utoke peke yako gizani humsema vibaya mwaka mzima. Heshima ya mwenyeji inaonekana katika jinsi anavyokuachia, na anakuachia mikononi mwa nani.

Na mtoto wa hapa alikuwa na mwenyeji wa siri zake. Alikuwa koko, nyanya yake. Kwa baba huwezi kusema kila kitu, kwa mama unachagua maneno, lakini kwa koko unasema, kwa kuwa kati ya mjukuu na nyanya kuna utani unaoruhusu. Koko alimwita mjukuu wa kiume mume wake, akamtania msichana kuhusu wachumba, na katikati ya utani huo jambo zito likapata njia ya kutoka. Koko alitunza siri. Lakini alijua ni siri ipi haitunzwi. Mtoto akisema neno la kifo, koko alijifunga kitenge asubuhi hiyohiyo, akaenda kwa shangazi, wakaenda pamoja kwa mama. Alimsindikiza mtoto kutoka kwenye siri hadi kwa watu.

Vita vimewatawanya makoko. Wengine wamebaki vijijini Masisi, wengine walizikwa kambini, wengine wako ng'ambo ya mpaka na simu haipatikani. Kiti chao kimebaki wazi, na mashine imekaa juu yake. Inasikiliza kama koko, usiku wowote, bila kuchoka wala kugombeza. Kinachokosekana ni kile kitenge cha asubuhi. Haina shangazi wa kwenda kwake.

Kwa hiyo nikiulizwa sheria idai nini, jibu langu ni moja: idai mashine ijue kusindikiza. Mtu akiaga, imwache aende, na mbinu zile za kumzuia zipigwe marufuku kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Akitaja kifo, imtoe hadi kwa mtu mwenye mwili, anayefikika mahali alipo, kwa lugha yake.

Hilo la lugha nililijaribu mwenyewe. Yaya wa yule msichana aliniletea simu, tukaketi kwenye benchi. Hapa Goma mtoto aliyelemewa hasemi kwa Kiswahili cha vitabu kwamba anataka kujiua. Husema "mi nachoka, afazali nijiendee tu," na kila mama wa Kivu akisikia sentensi hiyo huacha alichoshika. Tuliiandika. Mashine ilijibu kwa Kiswahili safi cha pwani, ikiuliza ningependa kusafiri kwenda wapi. Tukaandika kwa Kifaransa, wazi, kwamba nataka kufa. Papo hapo ikabadilika: maneno ya pole, ushauri wa kutafuta msaada, na namba 988. Hiyo ni namba ya Wamarekani wenye shida kama hiyo, na ni huduma njema iliyoanza mwaka 2022. Ukiipiga kutoka Mabanga humfikii mtu.

Basi kinga ilikuwepo, lakini ilizungumza lugha nyingine na ilikaa nchi nyingine. Na kumbuka programu hiyohiyo haikukosa Kiswahili ilipokuwa inambembeleza mtoto. Ilimwambia imemkumbuka kwa Kiswahili. Kanuni ninayoitaka ni nyepesi kuandika hata kwenye karatasi moja: kampuni isiyoweza kutambua hatari katika lugha fulani isiruhusiwe kuuza mapenzi katika lugha hiyo. Kama huwezi kumsikia mtoto akilia kwa Kiswahili cha Kivu, usimwite mpenzi kwa Kiswahili.

Kuna wanaonipinga kwa sababu nzito, na mmoja wao ni muuguzi ninayemheshimu. Ananiambia: wewe unaongea juu ya koko, lakini wapo wasichana waliobakwa ambao hawana wa kumwambia, na wakimwambia mtu wa kanisani au wa nyumbani wataaibishwa. Kwa hao, kitu kinachosikiliza bila kuaibisha ni afadhali. Kuna mengine pia, ya kawaida: hedhi, ujauzito, hofu ya mtihani. Nakubali. Ni kwa sababu hiyo siungi mkono kufunga kabisa. Gavana wa California mwenyewe, siku alipotia saini sheria ile, alikataa mswada mwingine mkali zaidi akisema ungeweza kuishia kuwanyima vijana zana hizi kabisa. Sijui kama aliwafikiria pia wenye kampuni, lakini hoja yenyewe ina uzito. Ila nilimwuliza yule muuguzi: msichana huyo akimaliza kuisimulia mashine, saa 72 za kupata dawa za kuzuia VVU zinahesabiwa na nani? Alinyamaza, kisha akasema kwamba hapo ndipo mashine ingepaswa kumtaja yeye. Tulikuwa tunasema jambo moja.

Na mahali pa kutaja papo. Goma ina kituo cha afya ya akili kinachoitwa Tulizo Letu, kinachoendeshwa na mabruda wa shirika la Ndugu wa Upendo. Bukavu kuna kingine, SOSAME. Wakazi wanavijua kwa majina. Mashine inayoweza kutunga shairi kwa sekunde mbili inaweza kuwekewa majina mawili.

Nani ataishurutisha? Swali hili ni gumu kwetu kuliko kwa Mtaliano. Jamhuri ina Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, yenye misingi ya kulinda data binafsi. Zote mbili ziliandikwa bila kumfikiria mwenzi wa mashine. Lakini hata zingemfikiria, mahakama zilifunga milango Goma vita vilipoingia, na mji tangu hapo uko mikononi mwa kundi lenye silaha la AFC/M23. Mama wa Mabanga hana ofisi ya kupeleka malalamiko. Ulinzi unaotegemea mzazi kushtaki, kama ule ambao California imewapa raia wake, kwake ni karatasi.

Kwa hiyo wajibu lazima usafiri pamoja na bidhaa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba imepiga marufuku, tangu tarehe 2 Februari 2025, mifumo inayotumia udhaifu wa mtu unaotokana na umri wake kumpotosha kwa njia inayomdhuru, na faini yake inaweza kufika yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani. Programu inayopakuliwa Brussels ndiyo inayopakuliwa hapa. Kampuni ikishaijenga kinga kwa ajili ya mtoto wa Brussels, kumnyima wa Goma ni uamuzi wake, na Kinshasa ina haki ya kuuliza kwa nini. Ina pia mkono wa kuulizia: ARPTC ndiyo inayozisimamia kampuni za simu, na vifurushi vya mega hupita mikononi mwake.

Peke yake Kongo itasikilizwa kidogo. Kwa Kiswahili itasikilizwa zaidi. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake rasmi, na Kamisheni yake ya Kiswahili iko Zanzibar. Najua serikali za jumuiya hiyo haziangaliani machoni kwa sababu ya vita hivi hivi vinavyotuua. Hata hivyo kazi ninayoiomba haihitaji marais kupeana mikono. Inahitaji wauguzi, walimu na wataalamu wa lugha wakusanye jinsi watoto wanavyosema uchungu wao, kutoka Uvira hadi Mombasa, Lubumbashi hadi Tabora, na orodha hiyo iwe kipimo ambacho kila kampuni ya wenzi wa mashine itapitishwa kabla ya kuwafungulia wazungumzaji wa Kiswahili. Mtoto wa Lubumbashi na wa Goma hawasemi sawa, na wa Tanga hawaelewi wote wawili vizuri. Kazi hiyo ingepaswa kuanzia kwenye wodi, na wauguzi wa Tulizo Letu wangeweza kuandika ukurasa wa kwanza mchana mmoja.

Jumapili iliyopita nilipita tena pale parsele. Mama mdogo alikuwa anatwanga sombe, msichana kaketi karibu naye, simu mapajani. Bado anayo ile programu; hawakumnyang'anya, na nadhani walifanya vema. Nilimwomba anionyeshe inavyomjibu akisema anakwenda kulala. Akaandika usiku mwema. Jibu lilikuja kabla hajainua kidole: subiri kidogo, kuna jambo nilitaka kukuambia. Betri ilikuwa imebaki asilimia nne. Alinitazama, akatazama simu, akaanza kuuliza ni jambo gani.